Ni Kitu Kidogo Tu

Katibu wa hospitali alikuwa na namna yake ya kuanza mazungumzo. Hakuwa mtu wa habari za asubuhi, za nyumbani, watoto hawajambo. Akipiga simu alianza na, "Dada, ni kitu kidogo tu," na mwanamke aliyekuwa upande wa pili akajua wiki yake imeharibika.

Mwanamke huyo mtaani walimwita Mama Tovuti. Jina alipewa na mumewe, mwalimu wa hesabu na mtu wa mizaha, aliyewatangazia majirani kwamba mke wake amejifungua tovuti ya hospitali kabla hajajifungua mtoto, kwa hiyo kifungua mimba wao ni tovuti. Watoto walikuja baadaye wakakuta jina limeshakaa. Majirani hawakujua hasa tovuti ni kitu gani. Walichojua ni kwamba mama huyu ni fundi wa mambo ya kompyuta, na fundi ni fundi, basi wakamletea redio zilizokufa, simu zilizotumbukia kwenye ndoo, na siku moja pasi. Pasi aliitengeneza. Baadaye alijuta, maana zililetwa nyingine.

Sasa, mtu akisikia "kitu kidogo" hukimbilia kufikiria rushwa. Katibu hakuwa mla rushwa, na Mama Tovuti mara nyingine alitamani angekuwa, kwa sababu rushwa ukishaitoa imekwisha. Vitu vidogo vya Katibu havikwisha. Tena kila kimoja kilikuwa, ukikifungua, ufundi mzima wa mtu mwingine.

Mama Tovuti alipoingia kwenye kazi hii alikuwa mchoraji. Hicho ndicho alichokipenda na ndicho alichosomea: rangi ipi ikae karibu na ipi, herufi zipumue kiasi gani, jicho la msomaji lianzie wapi. Aliichora tovuti ya hospitali kwa mapenzi, na ilipopendeza akadhani kazi imekwisha. Kisha Katibu akapiga. Ni kitu kidogo tu, watu wanataka kuiona kwenye simu. Akajifunza kuandika upya msimbo, yale maandishi yanayoiendesha tovuti, ili ukurasa ujikunje wenyewe kwenye kioo kidogo, kazi iliyomtoa jasho miezi. Kitu kidogo tu, wagonjwa waweze kuweka miadi humohumo. Hapo ikambidi ajue kuhifadhi kumbukumbu za watu, na akishajua kuzihifadhi, ajue kuzilinda na wezi ambao hawavunji mlango. Madaktari walileta maelezo yaliyoandikwa kana kwamba wanagombana na mgonjwa, basi akawa mwandishi. Mpiga picha alileta picha za wauguzi waliosimama dirishani, weusi tii kama vivuli, sura hazionekani, basi akanunua kamera, akawa mpiga picha. Halafu watu walipotafuta hospitali mtandaoni ikawa inakuja kwanza hospitali ya mifugo. Hilo nalo lina ufundi wake, na lina watu wanaolisomea, wana vyeo na viti vinavyozunguka. Yeye kiti chake kilikuwa kimoja, cha plastiki, katika chumba kilichokuwa stoo ya nyumba yao, na dirisha lake lilitazama ukuta wa jirani.

Ungemwambia yote hayo ni kujifunza, na kujifunza ni jambo jema, angekutazama tu. Mumewe aliwahi kujaribu.

"Elimu haina mwisho, mke wangu," alisema siku moja, huku anasahihisha madaftari ya wanafunzi.

"Pembetatu mwaka huu ina pembe ngapi?"

"Tatu."

"Na mwaka tuliooana?"

Mwalimu akacheka. "Tatu."

"Basi wewe usiniambie habari za elimu isiyo na mwisho."

Kilichomchosha hakikuwa kujifunza kwenyewe. Ni kwamba kila alichokijua kilikuwa kama nguo ya mtoto. Kabla hajaizoea imeshabana. Watu wengine kadiri wanavyokaa kazini ndivyo wanavyokuwa wakubwa. Yeye kila baada ya muda alirudi kuwa mwanafunzi, anasoma maelezo yaliyoandikwa na watu wa mbali wanaodhani kila mtu ana siku nzima ya kuwasoma. Alikuwa amechoka, na alikuwa na hasira, na hasira yenyewe haikuwa na mtu wa kumwendea.

Siku ya simu tunayoisimulia, Katibu alipiga mapema.

"Dada, ni kitu kidogo tu. Wagonjwa wa kliniki ya macho wamelalamika kwa bodi."

"Wanalalamika nini?"

"Wale wasioona. Wana simu zinazowasomea. Wanasema simu zao zinasoma kila kitu, lakini wakifika kwenye tovuti yetu hawaelewi hata neno. Hawawezi kuweka miadi. Si unaona aibu yake? Kliniki ya macho, halafu asiyeona hawezi kuingia."

Mama Tovuti aliona aibu yake. Aliona na mengine.

"Bodi inakaa Ijumaa," Katibu aliendelea, na sasa sauti yake ilishuka. "Kuna kampuni imeleta maombi. Kubwa, wana ghorofa nzima. Mimi nimekutetea, lakini likiwa halijarekebishwa mpaka Ijumaa, tovuti wanapewa wao."

Hospitali ndiyo iliyokuwa kazi yake kubwa. Kazi nyingine zote, ya shule, ya duka la vifaa vya ujenzi, ya kwaya, zilimjia kwa sababu ya hospitali, na zingeondoka nayo. Jioni alimwambia mumewe waziwazi: likimshinda hili, anafunga ile stoo. Dada yake ana duka la mapazia na amemwita mara nyingi wasaidiane. Pazia halina toleo jipya. Mwalimu alitaka kutania, akamtazama usoni, akaacha.

Lakini kulikuwa na jambo jingine lililomkaa kooni, na hilo hakumwambia hata mumewe. Lilikuwa limeketi sebuleni, kando ya cherehani iliyofunikwa kitambaa.

Shangazi yake ndiye aliyemlea. Alimlea kwa cherehani ile, akishona sare za wanafunzi, na macho yake yakaishia kwenye sare hizo, au ndivyo alivyosema mwenyewe. Madaktari walisema ni presha ya macho. Sasa alibaki na mwanga wa dirisha na kivuli cha anayepita. Hakuwa mtu wa kuonewa huruma. Simu inayosema alijifunza mwenyewe, kwa ubishi, kidole kimoja kikitambaa juu ya kioo na sauti ikimtajia kila anachogusa. Alisoma meseji kwa masikio, alisoma magazeti, alijua nani kafariki na nani kajiuzulu kabla mkwe wake hajarudi kutoka shuleni. Kitu kimoja tu hakukiweza: kuweka miadi yake ya macho. Kila tarehe ilipokaribia ilibidi amwite mtoto aliyemlea, na mtoto alifungua ukurasa alioutengeneza mwenyewe, na pale panapouliza nani anaandikisha, akagusa "Ndugu wa mgonjwa." Shangazi alikaa pembeni mikono mapajani. Mwanamke aliyeshonea shule nzima, kisha anaandikishwa kama mtoto wa chekechea.

Na alikuwa amesema. Zamani kidogo, alisema, "Hii tovuti yako mbona haisomeki?" Mama Tovuti, akiwa mbioni na kitu kidogo kingine, alijibu, "Ni simu yako, Shangazi. Imezeeka." Sasa wagonjwa wote wa kliniki walikuwa na simu zilizozeeka.

Alijifungia stoo akajifunza. Kuna elimu kamili ya kutengeneza kurasa kwa ajili ya wasioona, nene kuliko alivyotarajia, naye aliisoma kwa meno yaliyobanana. Alijifunza kwamba kila kitufe kinatakiwa kuwa na jina, si alama ya mshale tu. Kila picha inatakiwa kuelezwa kwa maneno. Vichwa vya habari vipangwe kwa ukubwa ili msikilizaji aweze kuruka kutoka kimoja hadi kingine. Alikuta amekosea karibu kote, akarekebisha kote. Aliacha kupika, mwalimu akapika, watoto wakala walichopata. Alhamisi, jua likiwa bado juu, alitoka stoo na macho mekundu, akaketi karibu na Shangazi.

"Jaribu sasa."

Shangazi akafungua ukurasa. Kidole kikagusa juu kabisa, mahali palipoandikwa Karibu.

"Keribyu," simu ikasema.

Shangazi akasogeza kidole.

"Wika maiadi. Chagyua tarehi. Jaina leko."

"Nani huyu?" Shangazi akauliza.

"Ni ukurasa wangu."

"Mbona anaongea kama mgeni aliyeshuka jana? Jaina leko. Leko ndiyo nini?"

"Jina lako, Shangazi. Inasema jina lako."

"Basi aseme." Akagusa tena, kwa utundu sasa, maana alikuwa ameanza kufurahia. "Klainiki ya macho," simu ikasema, na hilo neno macho ikalitamka kama jina la mbwa. Shangazi akacheka mpaka akajifuta machozi.

Mama Tovuti hakucheka. Alichukua simu ya mumewe, akaiwashia sauti ya kusoma, akajaribu; sauti ileile ya mgeni. Akafungua gazeti kwenye simu ya Shangazi. Likasomeka vizuri kabisa, Kiswahili safi, mpaka matangazo ya vifo. Basi simu haikuwa na kosa, na haikuwahi kuwa nalo. Kosa lilikuwa kwake. Akarudi stoo akaangalia vitufe, vina majina. Akaangalia picha, zina maelezo. Akabadilisha aina ya herufi, jambo la kipumbavu, asiyeona anajali nini aina ya herufi, na alijua ni la kipumbavu wakati analifanya. Kila alilorekebisha alitoka kulijaribu, na kila mara simu ilimjibu keribyu.

Mara ya mwisho alisimama katikati ya sebule akasema, kwa sauti ambayo hakuipenda, "Nimechoka. Nimejifunza kila walichoniambia nijifunze. Kila kitu. Na bado sijui kazi yangu."

Shangazi aliacha kucheka. "Kaa chini, mwanangu."

"Sikai. Nampigia dada. Naenda kuuza mapazia."

Na kweli alimpigia. Alisimama mlangoni, mgongo kwa Shangazi, akamuuliza dada yake kama ile nafasi bado ipo, na dada yake, ambaye hakutegemea, akaanza kufurahi na kuuliza ataanza lini. Nyuma yake Shangazi aliendelea kupapasa ukurasa, pengine kwa kukosa la kufanya. Ndipo simu yake ikasema, kwa Kiswahili kilichonyooka kama cha mtangazaji wa redio:

"Ukurasa huu ni wa Kiingereza. Ungependa utafsiriwe kwa Kiswahili?"

"Ndiyo," Shangazi akaijibu kwa mdomo, kisha akagonga kidole.

Mama Tovuti alijua ujumbe ule. Kila mtu wa kazi yake anaujua. Hujitokeza juu ya kioo ukifungua ukurasa, nawe unaufuta kwa kidole gumba kama unavyofukuza nzi. Alikuwa ameufuta miaka yote bila kuusoma. Alikata simu, dada yake akiwa katikati ya sentensi, akaja kutazama. Kivinjari, ile programu inayofungua kurasa, kilikuwa kimechukua Kiswahili chake, kikakidhania Kiingereza, kikakitafsiri kwenda Kiswahili. Kliniki ya macho ilikuwa imegeuka kliniki ya wanaume wababe, maana Kiingereza nacho kina neno macho, la mwanamume anayejitutumua.

"Nani kakwambia hiki ni Kiingereza?" aliiuliza simu, kwa hasira ya kweli.

Jibu alikuwa nalo mwenyewe.

Kila fundi wa kurasa ana ukurasa wake wa kuanzia. Hakuna anayeanza na karatasi tupu. Kuna mistari ambayo lazima iwepo juu ya kila ukurasa, nayo haionekani na msomaji, ni ya kusomwa na mashine tu. Basi unakuwa nayo mahali, unanakili, unaanza kazi yako chini yake. Wa kwake aliunakili akiwa mwanafunzi, kutoka kwenye somo la watu wa mbali, akauhifadhi kwa jina la Mwanzo. Chini ya Mwanzo ndipo alipochora, akaandika, akalinda, akapiga picha. Chini yake ndipo ulipokuwa ufundi wake wote. Juu hakuwahi kurudi, kwa sababu pale juu hapakuwahi kuharibika.

Alikwenda stoo akaufungua. Mstari wa kwanza kabisa ulikuwa unaitangazia kila mashine duniani lugha ya ukurasa. Ulitangaza kwa herufi mbili: e na n. Kiingereza. Kila ukurasa aliowahi kutengeneza, kwa Kiswahili alichokisumbukia neno kwa neno, ulianza kwa kusema kwamba si Kiswahili. Na simu ziliuamini, zikausoma kwa mdomo wa Kiingereza.

Akafuta e na n. Akaandika s na w.

Akabaki ameketi kwenye kiti chake cha plastiki. Usidhani alifurahi. Mtu aliyehangaika wiki nzima na tatizo kubwa, kisha akaambiwa ni herufi mbili, huwa hafurahi, hutamani kupasua kitu. Miaka yote alimchukia Katibu kwa neno lake, na safari hii, safari moja tu, kilikuwa kweli ni kitu kidogo.

"Shangazi," aliita, "fungua upya."

Kisha sauti ya yule mtangazaji ikasikika kutoka sebuleni.

"Karibu. Kliniki ya macho. Weka miadi."

"Ee," Shangazi akasema. "Sasa huyu ni mtu wa nyumbani. Ilikuwa nini?"

Mama Tovuti alitoka akamweleza, kichwa chini. Alisubiri kuchekwa. Shangazi alisikiliza mpaka mwisho, mkono wake juu ya cherehani.

"Kikulacho ki nguoni mwako," alisema tu. "Usiku huu ulale."

"Na ni zote, Shangazi. Si hii tu. Ya shule, ya kwaya, ya duka, zote. Watu wangapi wamezifungua wakasikia upuuzi, wakadhani ni simu zao?" Alimgeukia Shangazi. "Wewe nilikwambia ni simu yako."

"Uliniambia."

"Nisamehe."

"Nimesikia. Ngoja kwanza nisikilize." Kidole kilikuwa kimeshaendelea na safari. "Bonyeza hapa," simu ikasema, na Shangazi akainua uso. "Hapa wapi?"

"Hapo ulipogusa."

"Mimi nitajua hapa ni wapi? Imeniambia bonyeza hapa mara tatu sasa, pahali patatu. Sema bonyeza upate nini."

Shangazi alikuwa na haki. Palikuwa na "bonyeza hapa" zake tovuti nzima, alizipenda, zilikaa vizuri kwenye mpangilio. Zote zingeng'olewa kabla ya Ijumaa. Alisikia uchovu umemrudia mabegani, palepale ulipokuwa.

Simu yake ikalia. Alidhani ni dada yake, ambaye angestahili kukasirika. Alikuwa Katibu.

"Dada, vipi lile suala? Nimejaribu kwenye simu ya mgonjwa mmoja hapa sasa hivi, inaongea vizuri kabisa. Ilikuwa nini?"

Angeweza kumweleza habari ya vitufe na picha na vichwa vya habari, kazi ya wiki nzima, na yote ingekuwa kweli.

"Kilikuwa kitu kidogo tu," alisema, na neno lenyewe lilimwasha ulimi.

"Si nilikwambia," Katibu akasema, ameridhika. "Basi bodi nitawaeleza. Sasa, kwa kuwa umeshaingia humo, kuna kingine—"

Lakini Mama Tovuti alikuwa ameishusha simu kutoka sikioni. Shangazi alikuwa amefika sehemu ya miadi. Alikuwa ameinama kidogo, kama alivyokuwa akiinamia sindano, na sauti ilikuwa ikimtajia jambo moja moja. Tarehe, akachagua. Saa, akachagua ya asubuhi. Kisha ikamuuliza nani anaandikisha, na kidole kikapita juu ya "Ndugu wa mgonjwa" bila kusimama, kikashuka chini yake, kikagonga.

"Mgonjwa mwenyewe," simu ikasema. "Imechaguliwa."

Katibu alikuwa akiita halo, halo, kwa mbali. Shangazi alirudisha kidole palepale, akagusa tena, si kwa sababu hakusikia.

"Mgonjwa mwenyewe. Imechaguliwa."